Nilisikia Tairi la Jirani

Kwa siku tatu nilijua kwamba tairi moja la gari la jirani yangu linapoteza upepo, na kwa siku tatu sikumwambia. Mwenyewe hakuwa na habari. Mimi sikuwa nimeinama kulikagua, hata karibu sikuwa nimefika. Nilijua nikiwa nyumbani kwangu, ghorofa ya pili, dirisha limefungwa. Nilijua kwa sababu tairi lilisema.

Ngoja nieleze kwanza, tutabishana baadaye.

Magari mengi ya miaka ya karibuni yana kihisi kidogo ndani ya kila gurudumu, kimefungwa kwenye rimu karibu na vali, pale unapowekea upepo. Kina betri yake. Kinapima presha na joto la ndani ya tairi, na gari likianza kutembea kinatuma ujumbe mfupi kwa redio, halafu kinarudia kila baada ya muda, mara nyingi dakika moja hivi. Kompyuta ya gari inasikia. Presha ikishuka sana, inawasha ile taa ya njano kwenye dashibodi yenye picha ya tairi na alama ya mshangao katikati.

Kihisi hicho hakikuzaliwa kwa nia mbaya. Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria baada ya tairi za Firestone kwenye magari ya Ford Explorer kuchanika barabarani na watu zaidi ya 200 kufa. Kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya kule lilipaswa kuwa na njia ya kumwonya dereva kuhusu presha. Ulaya ikafuata, na tangu Novemba 2014 magari madogo yote mapya yanayouzwa huko lazima yawe nayo. Nasi huku tunaagiza magari yaliyotumika, yasiyozidi miaka minane, kwa hivyo sheria za wenzetu hutufikia Mombasa zikiwa ndani ya meli, bila mtu kututangazia. Si kila gari linaongea. Mengi ya Japani hayana kihisi hiki, na mengine hukisia presha kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu, bila redio. Lakini yale yenye redio, yanaongea kutwa.

Sasa fikiria uko kwenye jam ya Thika Road. Umezungukwa na magari kumi. Gari lako litajuaje kwamba ujumbe umetoka kwa tairi lake na si la yule wa Prado kando yako? Ndiyo maana kila kihisi kimepewa nambari ya pekee, na nambari hiyo haibadiliki hadi betri ife, miaka mitano au hata kumi baadaye. Inatumwa wazi, haijafichwa kwa namna yoyote. Mwaka 2010 watafiti wa vyuo vikuu vya Rutgers na South Carolina walionyesha kwamba ujumbe huo unaweza kunaswa kutoka kwa gari linalopita, umbali wa mita 40 hivi, na kwamba mtu anaweza hata kutuma ujumbe wa uongo na kuwasha taa ya dereva bure. Vifaa vyao vilikuwa vya bei. Miaka miwili baadaye wapenda redio wakagundua kwamba kijiti cha USB cha kutazamia TV kwenye kompyuta, chenye chipu iitwayo RTL2832U, kinaweza kugeuzwa kuwa redio ya kusikiliza masafa mengi sana. Siku hizi kijiti kama hicho unakipata kwa bei ya raba nzuri za mtumba. Programu ya kufasiri ujumbe, rtl_433, ni ya bure kabisa.

Mimi nilikinunua kwa ajili ya ndege. Ndege zinazokaribia JKIA hutangaza nambari, urefu na kasi kwenye megahezi 1090, na kuna raha fulani kukaa gizani ukijua ile taa inayopita juu ya mtaa iko futi elfu ngapi. Sikuona ubaya wowote. Ndege inapiga kelele kwa sababu inataka kusikika. Usalama wake uko hapo: kila aliye karibu asikie, hata asiyemjua.

Halafu usiku mmoja nikahamia megahezi 433. Ndiyo masafa ya vipimajoto vya nyumbani, rimoti za geti, na tairi za magari ya Ulaya.

Jirani ninayemzungumzia ni mzee wa miaka hamsini hivi, mpole, anayetuita sote "kijana" ili asisumbuke kukumbuka majina. Gari lake lilitoka Uingereza. Kila geti lilipofunguliwa asubuhi, nambari tatu zilitokea pamoja kwenye skrini yangu. Ya nne haikusikika kamwe. Baadaye aliniambia kwamba fundi wa pancha alivunja kihisi kimoja akibadilisha tairi, na tangu siku hiyo taa ya dashibodi haijazima. Amezoea. Taa iliyowaka mwaka mzima ni kama haiwaki tena.

Hapo mwanzo ilikuwa mchezo tu. Asubuhi saa kumi na mbili na dakika kumi, tatu zile zinatoka na watoto kwenda shule. Saa moja usiku, zinarudi. Niliiambia programu iandike kila kitu kwenye faili, kwa sababu faili haili, hailali na haidai kodi. Mimi hufanya kazi ya mtandaoni usiku na kulala mchana. Kompyuta haikulala.

Siku moja nikafungua faili kuona imekusanya nini. Kwa wiki mbili mfululizo, gari lilitoka saa kumi na mbili na dakika kumi kama kawaida. Lakini saa tatu, baada ya mkewe kuenda kazini, lilirudi. Saa tisa likatoka tena. Saa moja usiku likaingia, watoto wakishuka na mabegi, mzee akiwa na koti la suti mkononi kama mtu aliyechoka na ofisi.

Nilielewa kabla sijataka kuelewa. Mzee hana kazi tena, na nyumbani hawajaambiwa.

Hebu ona nilichofanya hapo. Faili ilikuwa na nambari, presha, joto na saa. Haikuwa na kazi, wala mke, wala aibu. Labda mzee alikuwa likizo. Labda alikuwa akisomea kitu na anataka utulivu. Hadithi niliiunga mimi, na nikaiamini kwa sababu ilikaa vizuri. Kuanzia siku hiyo sikuweza kumsalimia vizuri. Akiniambia "Leo kazi ilikuwa mob, kijana," nilitazama viatu vyangu. Alikuwa akinidanganya, sawa. Lakini uongo wake ulikuwa wa kujisitiri, na mimi nilikuwa nimemvua nguo bila yeye kujua kwamba yuko uchi.

Najua utanijibu nini, kwa sababu nilishajijibu hivyo. Si ujumbe uko hewani? Sikuvunja mlango. Sikufungua simu ya mtu. Mawimbi yaliingia nyumbani kwangu yenyewe, yakapita ukutani bila kubisha. Kama mtu anaongea na simu kwa sauti kwenye mathree, je, ni kosa langu kuwa na masikio?

Hoja hiyo ina nguvu, lakini inachanganya vitu viwili. Yule wa mathree anajua kwamba anasikika. Akitaka, atanong'ona, au atasema "nitakupigia nikishuka". Mzee hakuwa na namna ya kunong'ona. Hajui kwamba tairi lake linaongea, na hata angejua, hakuna kitufe cha kulinyamazisha. Simu yako siku hizi hubadilisha anwani yake ya Wi-Fi ili isifuatwe kirahisi. Tairi halina ujanja huo. Tena ujumbe ule si tangazo kama la ndege. Ni maneno kati ya gurudumu na gari lake. Eti kwa sababu kitu kimesemwa kwa sauti, basi kimesemwa kwa kila mtu? Mama akiita mwanawe kwenye uwanja wa watoto, sauti inamfikia kila mtu, lakini anayeitwa ni mmoja.

Mwanafalsafa Helen Nissenbaum, katika kitabu chake *Privacy in Context* cha mwaka 2010, ana hoja inayonisaidia hapa. Kwa maoni yake faragha si suala la siri peke yake. Ni suala la habari kutembea kulingana na desturi za pale ilipotolewa. Unachomwambia daktari si siri kwa daktari, lakini kikifika kwa mwajiri wako kuna kitu kimevunjika, hata kama hakuna neno lililoibwa. Habari za tairi zilitolewa kwa ajili ya taa ya dashibodi. Zilipofika kwenye faili yangu zilikuwa zimebadilika, sasa ni ratiba ya maisha ya mtu.

Hoja ya pili: namba pleti si iko nje kila siku? Soja wa geti si anaona kila anayetoka na kuingia?

Huyu soja ndiye aliyenifungua macho. Ni kweli, soja anajua mengi kuliko faili yangu. Anajua nani analetwa na nani usiku. Lakini soja anaonekana. Mzee akipita anampungia mkono, Krismasi anamwachia kitu, na akirudi saa tatu asubuhi anajua kwamba kuna mtu amemwona akirudi. Akitaka anaweza hata kumwambia, "Boss, hii iache hapa hapa." Wako katika uhusiano, na ndani yake kuna kuheshimiana na hata kuombana. Ushago ni hivyo hivyo. Shosho yangu alijua habari za kijiji kizima, na kijiji kizima kilijua zake. Waliochunguliwa walikuwa nao wanachungulia. Hakukuwa na faragha nyingi, lakini deni lilikuwa pande zote mbili.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Nimeufikiria sana msemo huo. Kata inajua kwa sababu imeingia mtungini, ikalowa. Mimi nilijua yaliyomo mtungini nikiwa mkavu.

Hapo ndipo ninapoliona kosa, na si katika kusikia. Sikio halina mfuniko. Kosa lilianza nilipoweka kumbukumbu ya mtu asiyejua kwamba yupo anayemwekea kumbukumbu. Sheria haingenisumbua sana, nadhani. Katiba yetu, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawabana wanaokusanya habari za watu, ila inaacha nje mambo ya mtu binafsi ya nyumbani kwake. Mchezo wangu ungeweza kupita katika tundu hilo. Lakini kupita si kuwa safi.

Sasa turudi kwa tairi.

Kawaida nambari zote tatu zilisoma 32 au 33 psi asubuhi, tairi zikiwa baridi. Jumanne moja ilisoma 29. Jumatano ikasoma 25. Alhamisi, 21. Na Jumatano jioni nilikuwa nimesikia watoto wakiimba kwenye ngazi kwamba Ijumaa wanaenda Kisii. Nairobi hadi Kisii kwa kupitia Narok unateremka Mai Mahiu, halafu unakimbia kwenye jua. Tairi lenye upepo kidogo hujikunja kila linapozunguka, linapata joto, na joto ndilo hupasua. Ni jambo lililotajwa miongoni mwa sababu za vifo vya wale watu zaidi ya 200 kule Marekani, na ndilo lililofanya kihisi kiwekwe ndani ya tairi.

Ona mzaha wa hali. Kihisi kiliwekwa ili mtu aonywe. Gari halikuweza kumwonya, kwa sababu taa yake ilishazoeleka. Dunia nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliyepata lile onyo, na mtu huyo hakuwa na haki ya kulipata.

Nilitafuta njia ya kusema bila kusema. Nitamwambia nimeona tairi limelala. Lakini ujumbe hausemi ni gurudumu lipi, la mbele au la nyuma. Unatoa nambari tu, ni gari lenyewe linalojua nambari ipi iko wapi. Nikionyesha tairi, kuna uwezekano mkubwa nionyeshe lile zima. Nikafikiria kuandika kijikaratasi nikiweke kwenye wipa. Nani mwenye akili anasafiri au kuahirisha safari kwa sababu ya karatasi isiyo na jina? Angedhani ni wezi wanaotaka asimame mahali.

Alhamisi jioni nikashuka.

"Mzee, kabla ya safari angalia presha ya tairi."

"Niliangalia asubuhi," akasema, akalipiga teke la mbele kama tunavyofanya sote. "Ziko poa."

"Moja iko 21."

Akanitazama. "Umejuaje?"

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba swali zima la kosa langu liko ndani ya neno hilo moja. Kama ningalikuwa soja, ningejibu bila kufikiria. Kama ningalikuwa fundi, hata asingeuliza. Nikamweleza: kijiti, antena, nambari. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikirudia rudia kwamba sikugusa gari. Alisikiliza hadi mwisho. Nilitarajia aseme asante, au anitukane. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini:

"Na nini kingine unajua?"

Ningeweza kusema hakuna. Ingekuwa uongo wa heshima, wa kumsitiri, kama ule wake. Lakini nilihisi kwamba nikisema hakuna, nitabaki juu yake milele, mimi nikimjua na yeye asijue kwamba anajulikana.

"Najua saa unazotoka na saa unazorudi. Za mchana pia."

Hakunitazama mimi. Alitazama juu, dirisha la jikoni kwake, palipokuwa na taa.

"Umeambia nani?"

"Hakuna mtu."

"Futa."

"Nitafuta, mzee. Mbele yako ukitaka."

Aliingia garini akaenda. Nusu saa baadaye alirudi, akashusha kioo, akaniambia neno moja tu, "Msumari," kisha akaenda kuegesha. Ulikuwa tairi la nyuma kulia. Mimi ningeonyesha la mbele.

Waliporudi kutoka Kisii alikuja mlangoni kwangu, akasimama nyuma ya kiti changu, akaniona nikifuta faili. Hakukaa. Sikumuuliza kuhusu kazi, hakuniambia. Mpaka leo sijui kama hadithi niliyoiunga ilikuwa ya kweli, na nimejifunza kuacha kutokujua huko kukae kulivyo.

Tangu hapo nina kipimo kimoja, na kama wewe pia una kijiti, au kamera, au kazi inayokuruhusu kuona safu za data za watu ambao hawatakuona kamwe, nakuachia ukijaribu. Jiulize: mwenyewe akiniuliza "umejuaje?", nitaweza kumjibu usoni? Kama jibu linakwama kooni, basi huenda kile unachokijua hukupewa. Umekichukua. Kipimo hiki hakikukatazi kujua. Mimi bado ninaamini ilikuwa lazima nishuke kusema kuhusu lile tairi, na kwamba ningenyamaza ili kulinda jina langu ningekuwa mbaya zaidi ya mpelelezi. Kinachokatazwa ni kujua kwa upande mmoja na kubaki hapo kwa raha. Ukishajua umeshaingia katika uhusiano na mtu, apende asipende, na lililobaki ni kama utamwambia.

Kijiti bado ninacho. Kinasikiliza ndege.

Mzee bado ananisalimia, "Sasa, kijana." Ila haegeshi tena chini ya dirisha langu. Siku hizi anaacha gari upande wa pili wa ploti, kando ya matangi ya maji, na kila jioni ninamwona akitembea ule umbali na mabegi ya watoto. Anadhani huko siwezi kufika. Ni kama mita 25. Ningesikia vizuri kabisa.

Sijamwambia. Na kila nikimwona akivuka ule uwanja, najiuliza kama hilo nalo ni deni.